Nilimwonea Wivu Mama Pacha, na Mama Pacha ni Mimi

Tuliachana pale nilipojifungia chooni nyuma ya duka letu la ushonaji, nimekalia ndoo iliyofunikwa ubao, nafungua akaunti ya uongo kwenye simu ili nimpeleleze wifi yangu.

Kama ndiyo kwanza unanisoma, chukua haya machache. Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na moja. Wifi ni mke wa mdogo wangu, dereva wa malori ya masafa marefu, ambaye kwake analala siku nne kwa mwezi. Kwa miaka tisa mimi na wifi tumeshona chumba kimoja, cherehani zetu zimepeana mgongo. Mama yangu alipougua, wifi ndiye aliyenishika mkono mpaka tukamzika. Tulikuwa chanda na pete.

Kisha mdogo wangu akamletea simu kubwa. Wifi akaanza kujirekodi akikata vitambaa. Mwaka haukwisha, alikuwa na wafuasi elfu thelathini na rafiki mpya, fundi wa upande wa pili wa mji anayejiita Dada Mshono. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso, lakini kutwa nzima walikuwa sikioni mwa kila mmoja.

Mimi nikabaki naongea na cherehani.

Hata mteja mmoja aliponiuliza kama dukani kuna waifai, nilimwonyesha kwa kidole. "Wifi huyo hapo. Ila siku hizi hashiki mtandao wa humu ndani."

Mteja alicheka. Wifi hakusikia. Alikuwa na hedifoni.

Basi ile akaunti nikaiita Mama Pacha. Nikaweka picha ya watoto wawili wa kike niliyoitoa kwenye kalenda ya zamani. Nikajieleza kwamba ni mama wa nyumbani, nina pacha, najifunza kushona. Nilidhani nitachungulia siku mbili tatu, nijue wanachosemana, kisha nifute kila kitu.

Ujumbe wa kwanza niliutuma nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu, simu nimeificha chini ya gauni la mteja.

"Dada, hilo ua la kiunoni unaanza kulikunja upande gani?"

Nyuma yangu simu ya wifi ikalia. Akacheka kidogo. Muda si muda yangu ikatetemeka mapajani.

"Unaanza kulia, mpenzi, kisha unapindua. Karibu sana. Pacha hawajambo?"

Mpenzi! Mimi miaka tisa naitwa "wifi, nipitishie mkasi."

"Nani huyo?" nikauliza bila kugeuka.

"Mdada mmoja wa mtandaoni. Ana maneno matamu!"

"Mnajuana?"

"Ndiyo tunajuana sasa hivi, wifi."

Hilo ua nalo lina habari yake, na lazima muijue, maana ndilo lililoniponza.

Miaka sita nyuma, asubuhi ya harusi ya binti mmoja, wifi aliunguza gauni kwa pasi. Doa la hudhurungi, kiunoni, kubwa kama kiganja. Alikaa chini sakafuni akalia kama mtoto. Mimi ndiye niliyeokota vipande vya kitambaa, nikakunja ua, nikalishonea juu ya lile doa. Bi harusi alilipenda ua kuliko gauni lenyewe. Tangu siku hiyo kila gauni la wifi lina ua.

Sasa watu elfu thelathini wanaliita Ua la Wifi. Hata hilo jina walilitoa kinywani mwangu, kwenye video yake ya kwanza, pale nilipokuwa nyuma ya kamera nikisema, "Wifi, sogea kwenye mwanga." Sauti yangu wameisikia. Mwenye sauti hakuna aliyemuuliza.

Najua mtaniona mwanamke mwenye kijicho. Niiteni hivyo. Mimi nilijiita mabaya zaidi.

Wiki ya pili Mama Pacha alikuwa ameshaingia ndani kabisa. Asubuhi moja nilimsimulia wifi kisa cha mteja wangu, yule mwalimu, aliyerudisha sketi akidai kitambaa kimesinyaa kabatini bila kufuliwa.

"Nikamwambia, mwalimu, jifungie na wewe kwenye hilo kabati wiki moja, mtatoka mnaeneana!"

"Mm," akasema wifi, macho kwenye simu.

Baada ya chakula cha mchana nikakiandika kisa kilekile, neno kwa neno, nikakituma kwa jina la Mama Pacha.

Wifi alicheka mpaka akashika cherehani asianguke. Machozi yakamtoka.

"Wifi, hebu sikia huyu mwanamke anavyochekesha!" Akanisomea kisa changu mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho.

Nikacheka. Ningefanyaje? Lakini ndani roho ilikuwa inaungua. Nilimwonea wivu Mama Pacha. Mwanamke niliyemzaa mwenyewe chooni, juu ya ndoo, alikuwa amenipokonya wifi yangu.

Hata hivyo, aliyeninyima usingizi hasa ni Dada Mshono.

Kila siku saa nne asubuhi wifi alitoka uani na simu. Walinong'onezana robo saa. Akirudi, macho mekundu. Nikimuuliza, anasema ni vumbi. Siku moja nikaenda kuanika kitambaa ambacho hakikuwa na haja ya kuanikwa, nikatega sikio.

"Alhamisi ijayo? Sawa, dada. Asante. Lakini wifi asijue kabisa, nakuomba. Asijue kabisa."

Nikarudi ndani. Kichwani nilishamaliza kesi. Wifi anahama. Anakwenda kushona na Dada Mshono. Alhamisi anabeba cherehani yake, ananiacha na chumba kitupu.

Miaka tisa! Kwa mtu ambaye hata kikombe cha maji hajawahi kumpa mkononi!

Sikukaa kufikiri. Nilitoa simu palepale.

"Mpenzi," akaandika Mama Pacha, "mimi sipendi kugombanisha watu. Lakini kuna kundi la mafundi nimo ndani yake. Dada Mshono anawasimulia kwamba ua lako lilianza kwa kuficha doa la pasi kwenye gauni la bi harusi. Wanakucheka huko mpaka basi."

Nyuma yangu cherehani ikanyamaza katikati ya mshono.

Kisha simu yangu ikatetemeka.

"Habari ya pasi umeijuaje?"

"Si nimekwambia, mpenzi. Kaisema mwenyewe."

Nilijua ataamini. Mwezi uliotangulia nilimsikia kwa masikio yangu akimsimulia Dada Mshono kisa hicho, wote wawili wanacheka.

Wifi akainuka, akatoka uani. Safari hii hakunong'ona.

"Nilikuamini! Nilikwambia wewe tu! ... Usiniapie! ... Basi, usinipigie tena!"

Akarudi ndani. Akamfungia Dada Mshono asimpate tena, kisha akailaza simu kifudifudi juu ya meza ya kukatia. Kwa mwaka mzima sikuwahi kuona ile simu imelala kifudifudi.

Akavuta kigoda, akaja kukaa karibu yangu.

"Wifi," akasema kwa sauti iliyokwaruza, "tunywe chai?"

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimkumbatia, nikamfuta machozi niliyoyasababisha mimi, nikamwambia watu wa mtandaoni ndivyo walivyo. Siku tatu zile zilikuwa asali. Tulimaliza sare zote za shule ya jirani, mimi nakata, yeye anashona. Tulisengenya wateja. Tuliimba na redio.

Siku ya tatu, alipokuwa anatunga uzi, akaniuliza ghafla, "Wifi, mama alianzaje kuumwa? Zile siku za mwanzo kabisa, alikuwa anahisi nini?"

"Tusiongee hayo, wifi." Nilimkata kama mkasi. "Hayo siyawezi."

"Basi, wifi. Pole."

Akainama kwenye kazi yake. Mimi nikapandisha sauti ya redio.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Saa saba mchana simu yangu ikatetemeka.

"Mama Pacha, uko peke yako?"

Nikanyakua pini mkononi kama mtu mwenye shughuli, nikaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

"Niko peke yangu, mpenzi. Sema."

Akaandika muda mrefu. Upande wa pili wa pazia nilisikia kucha zake zikigonga kioo cha simu, ta-ta-ta-ta, zikitulia, zikianza tena.

Ujumbe ukaingia.

"Nina uvimbe kwenye titi. Niliugundua miezi miwili iliyopita nikijipaka mafuta. Sijamwambia mume wangu, yuko barabarani, nitamchanganya akiwa kwenye usukani. Niliyemwambia ni Dada Mshono peke yake. Yeye alipitia hayohayo miaka minne nyuma, akatibiwa, akapona. Ndiye aliyenipangia miadi hospitali kesho Alhamisi, saa mbili asubuhi, na ndiye angenisindikiza. Sasa nimegombana naye. Peke yangu siwezi, Mama Pacha. Siendi."

Nikausoma. Nikausoma tena. Nikaketi sakafuni juu ya vipande vya kitambaa.

Alhamisi. Asijue kabisa. Macho mekundu ya vumbi.

"Wifi!" sauti yake ikaja kutoka ng'ambo ya pazia. "Unapima nini huko muda wote huo?"

"Pini! Pini zimemwagika!"

"Nije nikusaidie?"

"Kaa tu, wifi! Naziokota!"

Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena.

"Lazima uende, mpenzi. Lazima. Mwambie wifi yako akupeleke."

Kucha zikagonga kioo.

"Kwa wifi siwezi. Alimuuguza mama yake miezi kumi na minne kwa ugonjwa huuhuu. Nilimwona alivyokwisha. Baada ya mazishi hata uzi alishindwa kuupitisha kwenye sindano, mwezi mzima nilikuwa namtungia mimi. Jana nilijaribu, nikamgusia tu habari za mama, akabadilika uso. Yule mwanamke ndiye dada niliyenaye duniani. Simrudishi kule."

Nilijiziba mdomo kwa gauni la mtu nisitoe sauti.

Mwaka mzima nilihesabu kila "mm" yake. Nilihesabu kila robo saa aliyonipa kisogo. Kumbe hizi wiki za mwisho, kisogo chenyewe kilikuwa kinanikinga mimi. Na yule mwanamke niliyempaka matope alikuwa amebeba mzigo ambao ulikuwa wangu.

Nimewaahidi ukweli, basi pokeeni na huu unaonitia aibu kuliko yote. Hata pale sakafuni, machozi yananitiririka, sehemu moja ya moyo wangu iliuliza: kwa nini amwambie Mama Pacha? Mama Pacha ni picha ya kalenda! Mimi niko hatua mbili kutoka kwake, nina mikono, nina mabega!

Wivu hauna adabu hata msibani.

Ujumbe mwingine ukaingia.

"Njoo wewe, Mama Pacha. Najua hatujawahi kuonana, lakini nakusikia karibu kama mtu niliyemjua siku zote. Nitasimama langoni, gauni la kijani. Nikifika nisikuone, nageuka, narudi nyumbani. Niahidi utakuja."

Pazia lilikuwa kitambaa tu. Ningenyoosha mkono ningelifungua. Ningesema, wifi, ni mimi, nisamehe, twende. Maneno matano.

Lakini aliyesema uongo wa pasi ni nani? Aliyemnyang'anya msindikizaji wake ni nani? Nikimwambia sasa ataondoka dukani kwa hasira, na kesho hatakwenda popote, na mimi nitakuwa nimemuua kwa mikono yangu.

Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba niliogopa kumkosa.

Nikaandika, "Naahidi. Nitakuja."

Nilipotoka nyuma ya pazia alikuwa ameshaanza kushona. Akanitazama usoni.

"Mbona macho mekundu?"

"Vumbi," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Mwenyewe alijua vumbi hilo.

"Wifi, kesho nitachelewa. Napita mjini kutafuta vifungo," akasema.

"Sawa. Ukiona na zipu nyeusi, chukua."

Tukapeana mgongo. Tukashona. Mara moja nikajikakamua.

"Wifi."

"Abee."

"Hakuna kitu. Uzi umekatika."

Alhamisi saa mbili kasoro robo nilikuwa ng'ambo ya barabara inayotazamana na hospitali, nimejibanza nyuma ya kibanda cha mpiga chapa. Mpango wangu niliuona hauna tundu. Mama Pacha atatuma ujumbe kwamba mtoto mmoja ana homa, samahani, ameshindwa. Dakika hiyohiyo mimi nitatokea kwa miguu yangu, kama mtu anayepita. "Wifi! Unafanya nini hapa?" Atalia, atanieleza, nitamshika mkono, tutaingia pamoja. Mama Pacha atazikwa kimyakimya na uongo wake wote.

Ujumbe ulikuwa tayari umeandikwa. Kidole kilikuwa juu yake.

Saa mbili kamili wifi akafika. Gauni la kijani, mkoba ameukumbatia kifuani. Akasimama kando ya kibanda cha mlinzi, akageuza shingo huku na huku, akimtazama kila mwanamke aliyepita kwa tumaini ambalo lilinichoma. Mmoja alikuwa na watoto wawili. Wifi akapiga hatua kumwelekea, akatabasamu. Yule mama akampita.

Simu yangu ikatetemeka. "Nimefika. Uko wapi?"

Nikashusha mguu barabarani.

Papo hapo pikipiki ikasimama langoni. Akashuka mwanamke mfupi, mnene, kilemba cha njano. Nilikuwa nimeitazama picha yake mara nyingi kuliko picha za ndugu zangu. Dada Mshono. Amefungiwa simu, ametukanwa, na bado amekuja. Miadi aliipanga yeye, saa aliijua.

Wifi alisimama kama nguzo. Kisha akamkimbilia. Wakakumbatiana kwa mikono miwili, katikati ya njia, watu wanawakwepa kushoto na kulia. Mara yao ya kwanza kuonana, na wakashikana kama ndugu waliopotezana.

Badala ya kumshukuru Mungu, nilihisi kisu. Mimi ndiye ningeshikwa hivyo. Ilibaki dakika moja tu niwe mimi.

Kisha wakaachiana, wakaanza kuongea. Sikuwasikia, magari yalikuwa mengi, lakini niliwaona vizuri. Dada Mshono aliweka mkono kifuani, akiapa. Wifi akamwonyesha simu. Dada Mshono akasoma, uso ukakunjamana. Akainua mkono, akahesabu kwa vidole. Akajigusa mwenyewe, kidole kimoja. Akamgusa wifi, cha pili. Kisha akainua cha tatu, akakiacha hewani, akamtazama wifi kama anayeuliza.

Nilielewa kinachohesabiwa. Ni watu wangapi duniani wanaijua habari ya ile pasi?

Wifi alikikodolea macho kidole cha tatu muda mrefu. Akatikisa kichwa kukataa. Akatikisa tena, polepole zaidi. Kisha akaichukua simu yake mkononi mwa Dada Mshono, akabonyeza, akaiweka sikioni.

Ndani ya kiganja changu Mama Pacha akaanza kuita.

Sikuwa nimeizima sauti. Siku zote nilipokuwa dukani niliizima, lakini asubuhi ile nilitaka nisikie kila ujumbe. Iliita kwa nguvu zake zote. Mpiga chapa akainua kichwa. Na pale magari yalipopungua kidogo, ng'ambo ya barabara, wifi naye akainua chake.

Akaniona.

Ningeweza kuikata. Ningeweza kuingia nyuma ya kibanda, nikapotelea kwenye umati. Ningeweza kuvuka nikicheka, "Wifi, jamani, vifungo unatafutia hospitali?" Mlangoni muuguzi alikuwa ameshaanza kuita majina ya watu wa saa mbili. Wifi hakugeuka kumsikiliza. Alikuwa amenikazia macho, simu sikioni, na mguu wake mmoja ulikuwa umeshaelekea njia ya kurudi nyumbani.

Nikapokea.

Sauti yake ikanijia kutoka pande mbili, sikioni mwangu na kutoka upande wa pili wa barabara.

"Mama Pacha?" akasema wifi yangu. "Umekuja?"